Kamati ya wakazi inaweza kuiuza nyumba yangu?

SWALI

Mwanangu wakili, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi nje kidogo ya Mtwara mjini, upande wa kwenda Mikindani. Kiwanja nilikinunua kwa kiinua mgongo changu kwenye mradi wa kampuni moja. Mkataba una kipengele kwamba kila mnunuzi "atakuwa mwanachama wa umoja wa wakazi na atafuata taratibu zake". Sasa umoja una kamati, na kamati imegeuka serikali. Tunadaiwa shilingi 30,000 kila mwezi za mlinzi na usafi. Nimetozwa faini ya 50,000 kwa kubangua korosho uani, na 20,000 nyingine kwa kuanika makopa juu ya uzio, eti naharibu mandhari. Harusi ya mjukuu wangu walikataza turubai na ngoma. Geti linafungwa saa nne usiku, bodaboda haiingii. Nimesusa kulipa kwa miezi 14, deni limefika 420,000 bila hizo faini. Katibu kanitangazia mbele za watu kwamba nikiendelea nyumba itauzwa, maana Marekani ndivyo wanavyofanya. Mjukuu kanionyesha kwenye simu, kweli wanauza. Na mimi wanaweza kuniuzia?

JIBU

Shikamoo mwalimu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Hapana. Kwa haya uliyonieleza, kamati yenu haina njia ya kuiuza nyumba yako kwa deni la ada. Yaliyobaki ni mengi na mengine hutayapenda, lakini yasome ukiwa umetulia.

Katibu hakutunga habari ya Marekani. Alichokosea ni kudhani kwamba umoja wowote wa wakazi, popote ulipo, unazaliwa na nguvu ile. Kule nguvu inatoka kwenye karatasi. Kampuni inayojenga mtaa mpya huandika masharti ya eneo zima kabla ya kuuza nyumba ya kwanza, ikayasajili kwenye masjala ya ardhi. Kuanzia hapo masharti yameshikamana na ardhi: anayenunua anayachukua, anayerithi anayachukua, aliyesoma na asiyesoma. Kila mwenye nyumba anakuwa mwanachama apende asipende, na hawezi kujitoa mpaka auze ahame. Na ada isiyolipwa inageuka deni linaloishika nyumba yenyewe, mithili ya rehani. Chama kinakaa kwenye kiti cha benki bila kukukopesha hata senti.

Ndiyo maana wanauza. Mwaka 2001 mjini Houston, Texas, nyumba ya mjane wa miaka 82, yenye thamani ya dola 150,000 hivi, iliuzwa kwa dola 5,000, chanzo kikiwa deni la ada la dola mia nane na ushee. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba jimbo lilibadili sheria, mtu ambaye nyumba yake imeuzwa akapewa siku 180 za kuikomboa. Hata hivyo mwaka 2009, katika jimbo hilohilo, mwanajeshi aliyekuwa Iraq alikuta nyumba yake ya takriban dola 300,000 imeuzwa kwa dola elfu tatu na kitu, kwa deni lisilofika dola 1,000. Aliirudisha baada ya kwenda mahakamani. Mnada wenyewe ulikuwa umefanyika bila hakimu kuketi, kwa sababu masharti ya chama na sheria ya jimbo viliruhusu.

Na mambo wanayogombania, mwalimu, yangekuchekesha. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilibidi litunge sheria ya kuwazuia vyama hivi wasimkataze mtu kupeperusha bendera ya taifa nyumbani kwake. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya mwanamke aliyefuga paka watatu ndani ya nyumba yake, wasiotoka nje. Chama kilimtoza faini kila mwezi, faini ikipanda. Mahakama ikakiunga mkono chama: masharti yalikuwa yamesajiliwa kabla hajanunua, na kipimo ni kama sharti linafaa kwa eneo zima, wala haijalishi paka wa mtu mmoja wamemsumbua nani. Hukumu hiyo inanukuliwa mpaka leo.

Watu zaidi ya milioni 70 wanaishi chini ya vyama vya namna hii kule. Havikushuka kutoka mbinguni. Vilistawi kuanzia miaka ya 1960, serikali kuu ilipoanza kudhamini mikopo ya nyumba katika mitaa ya aina hiyo, na halmashauri zikavipenda kwa sababu rahisi: mkazi anaendelea kulipa kodi ya jengo, huku barabara, mifereji na taa za mtaa wake anazigharimia mwenyewe kupitia chama. Historia ya nyuma zaidi ni chafu. Mwanzoni mwa karne iliyopita masharti ya aina hiyohiyo, yaliyoshikamana na ardhi, yalitumika kuwazuia Wamarekani weusi wasinunue nyumba kwenye mitaa ya wazungu, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama hazitayatekeleza masharti ya ubaguzi. Nakueleza haya ili uone kwamba "taratibu za umoja" si jambo dogo la kusaini huku unaangalia saa.

Turudi kwetu.

Ardhi ya Tanzania ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini. Wewe unamiliki haki ya kuitumia, kwa hati ya muda usiozidi miaka 99, na masharti ya hati hiyo umewekewa na Serikali. Kuifuta hati ni mamlaka ya Rais, kwa sababu na utaratibu uliowekwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Ukiacha hilo na utwaaji kwa manufaa ya umma, nyumba ya mtu inapigwa mnada kwa njia mbili ninazokutana nazo kila mara: aliiweka rehani akashindwa kulipa, au ameshtakiwa, ameshindwa, na mahakama imemtuma dalali wake kukaza hukumu. Umoja wenu haukukukopesha, kwa hiyo njia ya kwanza haiwahusu. Ya pili ingewataka wakushtaki kwanza. Wakishinda, kwenye mahakama zinazofuata Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kuna orodha ya mali zisizokamatwa kukaza hukumu, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake imo kwenye orodha hiyo. Kwa shilingi 420,000, dalali atatafuta vitu vingine kabla ya kufikiria paa lako.

Na asije mtu mlangoni kubeba televisheni "mpaka ulipe". Bila amri ya mahakama hiyo ni kesi ya polisi, hata kama aliyebeba ni mjumbe wa kamati na ana muhtasari wa kikao mfukoni.

Lipo eneo moja ambalo chama cha wamiliki nchini mwetu kina meno ya kisheria, na uwaambie wanao wanaofikiria kununua nyumba ghorofani Dar es Salaam. Ni Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Jengo likigawanywa kwa sheria hiyo, kila mmoja akawa na hati ya sehemu yake na wote wakamiliki kwa pamoja ngazi, paa, lifti na uwanja, basi chama ni cha lazima na michango yake inadaiwa kisheria. Sheria hiyo inagusa pia makundi ya nyumba, siyo maghorofa peke yake. Kwa hiyo swali la kuuliza ni: hati yako ni ya kiwanja kinachojitegemea, chenye namba yake na kitalu chake, au ni ya sehemu ndani ya mali ya pamoja? Kwa maelezo yako ni kiwanja cha kawaida. Hapo umoja wenu ni kikundi cha majirani.

Sasa kipengele cha mkataba. Ibara ya 20(4) ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Najua ukisoma hapo utasema basi, tumemaliza. Hatujamaliza. Wakili wa upande wa pili atasema hukulazimishwa, ulisaini kwa hiari yako na ungeweza kununua kiwanja kwingine. Mimi ningemjibu kwamba ulisaini na kampuni, siyo na umoja ambao siku ile haukuwepo, na kwa kawaida asiye sehemu ya mkataba hawezi kuutumia kudai. Naye angetoa daftari la michango kuonyesha kwamba ulilipa miezi yote kabla ya kususa, na ulihudhuria vikao. Hoja yake hapo ina uzito. Sheria ya Mikataba inasema pia kwamba aliyefanyiwa kazi isiyo ya bure, akanufaika nayo, anapaswa kumfidia aliyeifanya. Mlinzi amekulinda na taka zako zimezolewa miezi yote hiyo 14.

Kwa hiyo kwenye ada, mwalimu, huna mwanya mkubwa, na nisingependa uwe nao. Mtaa usiokusanya chochote nao una gharama yake. Tarehe 24 Juni 2021, katika mji wa Surfside, Florida, jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South liliporomoka usiku wakazi wamelala. Walikufa watu 98. Mhandisi alikuwa ameonya tangu 2018 kwamba zege la chini ya uwanja wa bwawa la kuogelea limeharibika vibaya. Likafuata bishano la miaka mitatu: nani alipe, kwa nini ni ghali hivyo, kamati inatuibia. Wajumbe wakajiuzulu. Makadirio ya matengenezo yakapanda hadi dola milioni 15 hivi. Mchango ulipopitishwa hatimaye, malipo yalipangwa kuanza tarehe 1 Julai, wiki moja baada ya jengo kuanguka. Chanzo cha kiufundi cha mporomoko ni kazi ya wahandisi, lakini ule ucheleweshaji kila mwenye nyumba anaweza kuuelewa. Kamati iliyoshindwa kuchangisha nayo ni hatari, na wanaolalamikia vyama hivi mara nyingi hawapendi kuligusa hilo. Nyumba zenu hazina ghorofa 12, ila mna mifereji, na mvua za mwaka 2024 zilizokata barabara kule Somanga zilitukumbusha sote maji yanafanya nini yakikosa pa kupita.

Faini ni jambo lingine kabisa, na hapa niko upande wako moja kwa moja.

Faini ni adhabu, na adhabu inatolewa na mwenye mamlaka ya kisheria. Hata serikali yenu ya mtaa, yenye mwenyekiti aliyepigiwa kura Novemba 2024, haitungi sheria ndogo zake. Anayetunga ni Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kwa utaratibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982: rasimu hutangazwa, wananchi hutoa maoni, madiwani hupitisha, waziri mwenye dhamana huidhinisha, ndipo inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kuamka asubuhi akakutoza 20,000 kwa makopa. Kamati ya geti itaweza vipi?

Watasema hiyo "faini" ni makubaliano ya mkataba. Sawa, waioneshe kwenye mkataba: kiasi, kosa, na saini yako chini yake. Hata wakiionesha, sheria yetu ya mikataba haimruhusu mtu kuvuna adhabu. Inampa fidia inayostahili kwa hasara aliyoipata, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Nasubiri kwa hamu hesabu ya hasara waliyoipata kwa muhogo wako kukauka juani.

Kwenye korosho, nivumilie kidogo. Huwezi kuwaambia watu wa Mtwara wasibangue korosho nyumbani, ni kipato cha akina mama tangu hatujazaliwa wengi wetu. Ila ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na yakichomwa moshi wake unawasha macho na koo. Kama unachoma uani, ukuta kwa ukuta na jirani mwenye mtoto mchanga, jirani huyo ana malalamiko ya haki na haihitajiki kamati ili ayapate. Anaweza kwenda kwa afisa afya wa kata au kufungua shauri la kero. Kwa hiyo hoja yao ni ya kweli, dawa yao ndiyo batili. Kama unaweza kupeleka kazi ya kuchoma kwenye kikundi chenye banda mbali na makazi, kisha ukabangua na kumenya nyumbani, utakuwa umewanyang'anya silaha pekee waliyonayo dhidi yako. Fanya hivyo kabla ya kuandika barua yoyote.

Harusi sina maneno mengi. Kibali cha sherehe na muziki kwa kawaida kinapita ofisi ya mtendaji, na mwenye kukataza ngoma usiku ni mwenye kukitoa. Kamati inaweza kukuomba mzime saa fulani kama majirani wanavyoombana.

Geti ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, nawe umeliandika kwa sentensi moja tu. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, omba kuona ramani ya upimaji ya eneo lenu. Kama hiyo njia imechorwa kama barabara, ni ya umma hata kama kampuni ndiyo iliyoichonga kwa greda lake, na barabara za mitaa ya mjini tangu 2017 zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kuizuia bila kibali ni kosa la kisheria. Kama ramani inaonyesha njia hiyo iko ndani ya ardhi inayomilikiwa na kampuni, hoja inabadilika. Afrika Kusini walibishana jambo hili hadi Mahakama Kuu ya Rufaa, kwenye mtaa wa geti uitwao Mount Edgecombe karibu na Durban, ambako mkazi alitozwa faini baada ya binti yake kuendesha gari kasi ndani ya mtaa. Mahakama ya chini ilisema barabara ni za umma, hivyo chama hakina uwezo. Mahakama ya rufaa, mwaka 2019, ikasema barabara ni za chama na mkazi amejifunga kwa mkataba alionunulia. Kote huko majibu yako kwenye ramani na saini, kwa hiyo usianze na kelele getini, anza na ramani.

Lakini vyovyote ramani itakavyosema, mama mjamzito anayepaswa kufikishwa hospitali ya Ligula saa saba usiku hasubiri mlinzi ampigie mwenyekiti aulize kama bodaboda iruhusiwe. Hilo lipeleke kwenye mkutano wa wakazi kama hoja ya kwanza kabisa, kabla ya makopa yako. Utapata kura hata za wale wanaokuona mkorofi.

Hujataja maji, nami nalitaja kwa sababu ndipo kamati nyingi zinapokimbilia zikikwama. Kama una mita ya mamlaka ya maji ya Mtwara, wa kukukatia ni mamlaka hiyo, kwa bili yake. Kamati ikigusa bomba lako imeharibu miundombinu ya watu. Kama mnatumia kisima cha umoja, wana nguvu zaidi hapo, na ni sababu nyingine ya kutobaki na deni la ada.

Watu wa kusini wanaelewa jambo hili haraka nikiwatajia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima. Mkulima wa korosho anakatwa, ananung'unika, lakini anajua makato yana majina, kuna Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kuna mrajis wa kumlalamikia, kuna COASCO wa kukagua vitabu, na bado wizi umetokea mara ngapi? Umoja wa wakazi una makato yaleyale, mrajis hana, mkaguzi hana, na katibu ndiye mhasibu. Florida, ambako vyama hivi vina sheria nene, waendesha mashtaka waliwakamata viongozi wa chama kimoja kikubwa cha Miami-Dade mwaka 2022 kwa tuhuma za kujichotea zaidi ya dola milioni 2 za wakazi. Jimbo likakaza sheria mwaka 2023, likakaza tena 2024: wajumbe wa bodi sasa lazima wapewe mafunzo, na kupokea hongo kwenye zabuni za chama ni jinai. Mimi siwatuhumu wenzako. Nasema tu kwamba hamna hata daftari linalobandikwa ukutani.

Basi fanya hivi. Andika barua fupi kwa kamati, nakala kwa mtendaji wa mtaa. Uliza umoja umesajiliwa wapi na kwa namba gani. Kama ni kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, kuna cheti na kuna katiba. Kama unamiliki mali kwa jina lake, kama kile kibanda cha mlinzi, uliza wadhamini wake waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ni akina nani. Omba muhtasari wa mkutano uliopitisha ada ya 30,000 na ule uliopitisha faini, na mapato na matumizi ya mwaka. Usitukane na usimtaje katibu kwa alichokutamkia, hata kama kilikuuma. Hiyo barua huenda ikasomwa na hakimu siku moja.

Kisha anza kulipa ada, kwa awamu unazoziweza, benki au kwa simu, usimpe mtu mkononi. Kwenye kila muamala andika "ada ya mwezi fulani". Hilo lina maana kisheria: mdaiwa anayelipa ana haki ya kusema anapunguza deni lipi, na mpokeaji akipokea amekubali. Ukituma fedha bila maelezo watazimezea kwenye faini kwanza, na ada itabaki palepale mwaka mzima. Kwenye barua sema wazi kwamba faini huzitambui.

Wakikataa kukujibu, ita wakazi wenzako. Sidhani kama ni wewe peke yako. Kamati za namna hii zinaishi kwa mahudhurio mabaya: watu saba wanakuja kikaoni, watano ni kamati, wanapitisha. Wakija 30, katibu anabadilika sauti au anabadilishwa. Mkishindwana kwenye geti au njia, shauri linapita kwanza Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu kwenye ardhi, linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 mnaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo Mtwara lipo. Deni la ada ni la Mahakama ya Mwanzo. Kama gharama za wakili zinakutisha, waulize ustawi wa jamii pale manispaa wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria, huduma yao ni bure kwa sheria ya mwaka 2017.

Jambo la mwisho ndilo ningetaka lichukue muda wako kuliko makopa na faini kwa pamoja. Hukuniambia kama una hati. Umesema "mkataba". Mtwara, baada ya habari za gesi na baada ya kiwanda cha saruji cha Dangote kufunguliwa 2015, viwanja viliuzwa kwa kasi, na wanunuzi wengi walipewa mkataba, risiti na ahadi. Kama kiwanja bado kiko kwa jina la kampuni, hapo ndipo nyumba yako ilipo hatarini. Kampuni inaweza kukikopea. Inaweza kudai kwamba kutofuata taratibu za umoja ni kuvunja mkataba, ikagoma kuhamisha. Soma kipengele cha kuvunjika kwa mkataba, mara nyingi kiko kurasa za nyuma na mara nyingi ni Kiingereza, nawe ndiye mwalimu kwa hiyo sikupi somo. Angalia pia kama neno rehani au dhamana limetajwa popote.

Nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, ulipie upekuzi wa kiwanja chako kwa namba na kitalu. Majibu yataonyesha mmiliki ni nani na kama kuna mzigo wowote umesajiliwa juu yake. Kama jina ni lako, weka hati mahali salama na uendelee na barua ya kamati. Kama ni la kampuni, usisubiri barua ya kamati ijibiwe. Uliza hapohapo utaratibu wa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, mpe mkurugenzi wa kampuni notisi ya maandishi ya kukuhamishia, na uniandikie tena ukiambatanisha risiti zote na ukurasa wenye saini. Madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6, na inahesabiwa tangu siku ulipovunjwa, kwa hiyo nitahitaji pia tarehe waliyokuahidi hati.